Mwongozo kamili: Kufundisha wimbo mpya wa sauti nne kwenye kwaya ya mtaa kwa mazoezi sita

Walimu wenzangu wa kwaya wananiuliza jambo lilelile mwaka hadi mwaka. Wimbo wa sauti nne, yaani soprano (ya juu) na alto (ya chini) za wanawake, tena (ya juu) na besi (ya chini) za wanaume, wameufundisha wiki nane. Kila sauti ikikaa pembeni peke yake inaimba vizuri kabisa. Wakisimama pamoja, alto wanahamia soprano, tena wanaimba soprano kwa chini, na besi wanabaki wanaunguruma nota moja mpaka mwisho.

Nimeimba kwaya tangu darasa la tatu, na sasa nafundisha kwa kujitolea kwaya ya mtaa upande wa Temeke. Tuna mama wa genge, vijana wa bodaboda, fundi cherehani, wanafunzi na mzee mmoja mstaafu. Wengi hawajawahi kufundishwa muziki popote. Nimeona kwamba watu wa aina hii wanaweza kushika sauti nne ndani ya wiki tatu, mazoezi mawili kwa wiki, ukibadilisha mpangilio wa kufundisha. Fuata hatua kama zilivyopangwa, usiruke.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaita mtu

- Karatasi za nota, kopi moja kwa kila watu wawili. Kopi moja kwa watu watano haifai, kwa sababu wa pembeni haoni anaishia kukariri kwa jirani.
- Penseli kwa kila mwimbaji. Kalamu ya wino haifutiki, na alama za kupumua zitabadilika.
- Kinanda kidogo, au programu ya kinanda kwenye simu. Kazi yake ni kutoa nota ya kuanzia na kupima, si kuimba badala ya watu.
- Karatasi kubwa ya manila na maka peni.
- Simu ya kurekodia, na kundi la WhatsApp kwa kila sauti. Makundi manne madogo ni bora kuliko moja kubwa.
- Maji ya kunywa ya kawaida. Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi linakausha koo haraka, hasa kwenye banda la bati.
- Ruhusa ya mahali. Kama mnaimbia uani au kwenye uwanja wa shule, mwambie mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku na saa zenu kabla majirani hawajaenda kulalamika.

Kuhusu wimbo wenyewe: watunzi wengi wa kwaya hapa nchini huandika jina na namba ya simu chini ya karatasi ya nota. Mpigie. Mwombe ruhusa, na umwambie mtaimbia wapi. Kopi nyingi zinazozunguka mitaani zimenakiliwa kwa mkono mara nyingi, na makosa yamo. Mtunzi atakutumia iliyo sahihi.

## Hatua ya 1: Pima wimbo kabla ya kuupenda

Angalia nota ya juu kabisa ya soprano na ya chini kabisa ya besi. Ndizo zinazoamua, si uzuri wa wimbo.

Chukua C ya kati ya kinanda kama kipimo. Kwa watu wa kawaida waliotoka kazini, soprano isipite F ya pili juu ya hapo. Besi isishuke chini ya G ya pili chini yake. Tena iishie F ya kwanza juu ya C ya kati, na alto isishuke chini ya A iliyo karibu nayo.

Tuseme karatasi imeandikwa Do ni G, yaani kii ya wimbo, ile nota inayoitwa do, ni G ya kinanda, na soprano inagusa do ya juu. Hiyo ni G. Utasikia watu wakipiga kelele badala ya kuimba. Shusha Do iwe F. Lakini rudi uangalie besi: kama walikuwa wanashuka mpaka do ya chini, sasa wamefika F ya chini kabisa, na labda ni mzee mstaafu peke yake atakayeifikia. Hapo wimbo haufai kwa kwaya yako mwaka huu. Tafuta mwingine.

Umefaulu ukiona: unaweza kutaja nota ya juu na ya chini ya kila sauti bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 2: Jifunze sauti zote nne wewe mwenyewe

Walimu wengi wanaipitia juujuu hatua hii, na mazoezi mawili ya kwanza yanapotea. Imba kila sauti kwa nota, peke yako, mpaka uweze kuruka kutoka besi kwenda alto katikati ya mstari. Wakati wa mazoezi ndicho utakachofanya: alto akipotea, unatakiwa umrudishe kwa mdomo wako palepale, si kwa kusema "mmekosea".

Zungushia penseli nota zisizo za kawaida: fe (fa iliyopandishwa nusu nota), ta (ti iliyoshushwa), se (so iliyopandishwa). Zungushia pia pale wimbo unapohama Do, yaani unapobadilisha kii. Maeneo haya utayafundisha kwanza, kabla ya mwanzo wa wimbo, watu wakiwa bado na nguvu.

## Hatua ya 3: Gawa sauti kwa masikio

Usigawe kwa sura, kwamba wanaume wanene waende besi na mabinti wote soprano. Msikilize mmoja mmoja, pembeni, si mbele ya wenzake. Mwimbishe d r m f s (do re mi fa so), halafu panda nusu nota, rudia, mpaka sauti ianze kukaza. Kisha shuka vivyo hivyo mpaka ianze kupotea. Dakika tatu zinatosha.

Kwaya ya watu 20 inakaa vizuri ikiwa na soprano 6, alto 6, tena 4 na besi 4. Usiogope kumwambia mtu ahame. Mama mmoja kwetu aliimba soprano miaka mingi huku akikohoa kila baada ya mazoezi. Nilimwomba ajaribu alto mwezi mmoja tu. Sasa ndiye nguzo ya alto. Akianza mstari hufumba macho, anaweka kiganja nyuma ya sikio, na wenzake watano wanamfuata.

Halafu wapange hivi: soprano kushoto kwako, besi nyuma yao, alto kulia kwako, tena nyuma ya alto. Soprano na besi ni kuta za nyumba. Wakisikiana, alto na tena, ambao sauti zao ziko katikati, wana pa kusimama. Na katika kila sauti, mwenye uhakika akae nyuma au katikati ya wageni, sauti yake iingie masikioni mwao. Ukiwaweka wajuzi wote mstari wa mbele, wanakuimbia wewe, na wa nyuma hawasikii kitu.

Onyo: anayekuja na sauti iliyokauka, labda ameita wateja tangu asubuhi au ana mafua, asiimbe. Akae na karatasi afuatilie kwa macho. Kunong'ona nako kunachosha koo. Na kama sauti imekauka zaidi ya wiki tatu, mwambie kwa upole aende hospitali akaangaliwe.

## Hatua ya 4: Pasha sauti dakika nane

Dakika mbili za pumzi: mikono kiunoni, vuta hewa bila kuinua mabega, itoe kwa "ssss" mpaka hesabu ya 15. Dakika mbili za kupiga midomo "brrr", kama mtoto anayeiga injini ya daladala, ukipanda na kushuka. Dakika mbili za "mmm" mdomo ukiwa umefungwa. Mbili za mwisho, d r m f s f m r d kwa irabu a, e, i, o, u.

Anza na waliofika. Kama mmekubaliana saa kumi na moja jioni na wapo watano, anza na hao watano. Ukimsubiri aliyekwama kwenye foleni, unamfundisha aliyewahi kwamba kuwahi hakuna maana. Maliza kabla ya magharibi, na adhana ikianza, nyamazeni. Ni heshima kwa majirani, na watu wetu nao wengine wanakwenda kuswali.

Faini siiungi mkono kabisa, ingawa kwaya nyingi zinatoza. Mama ambaye mtoto wake ameumwa wiki mbili anahesabu faini kichwani, anaona aibu, harudi tena. Watu hawa wanatupa jioni zao bila kulipwa. Aliyekosa mpigie simu, muulize hali, mtumie rekodi.

## Hatua ya 5: Nota kabla ya maneno, na besi kabla ya soprano

Hapa ndipo kwaya nyingi zinapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kawaida mwalimu huanza na soprano, kwa sababu ndio wenye wimbo. Sauti nyingine tatu zinakaa zinasikiliza dakika ishirini. Wakati huo wote masikio yao yanakariri soprano. Zamu yao ikifika, soprano imeshajenga nyumba kichwani mwao, na kila mahali penye shaka wanarudi kwenye nyumba hiyo. Huo si uzembe. Sikio hushika kilichotangulia.

Geuza mpangilio: besi, alto, tena, soprano mwisho. Maneno yasiguswe mpaka zoezi la tatu. Maneno yana utamu wake, na mtu akishikwa na maneno haangalii tena nota.

Zoezi la 1 liende hivi:

1. Andika kwenye manila mstari wa besi mnaoanza nao. Tuseme ni d d f s d.
2. Besi waimbe kwa nota, polepole, ukiwagongea mapigo mezani. Warudie mpaka wapate mara tatu mfululizo bila kosa. Wakikosea mara ya tatu, hesabu inaanza upya.
3. Wakati huo alto, tena na soprano wanaimba d r m f s kimoyomoyo? Hapana, wape kazi ya kweli: wagonge mapigo mapajani na wafuatilie karatasi ya besi kwa kidole.
4. Andika alto chini yake: m m f r m. Wafundishe vilevile.
5. Unganisha besi na alto mara moja, kabla hujagusa tena.

Tazama mfano huo kwa karibu. Kwenye nota ya tatu besi na alto wote wanaimba fa. Halafu besi wanapanda kwenda so, na alto wanashuka kwenda re. Pale pale ndipo alto watapotea, kwa sababu wamekutana na besi, wamejisikia salama, na besi wakipanda nao wanavutwa juu. Simamisha. Waambie alto waimbe fa–re tu, mara kumi, besi wakiwaimbia fa–so. Usirudie mstari mzima. Kurudia mstari mzima ni kurudia nota tatu ambazo tayari wanazijua na kupita haraka juu ya mbili wasizozijua.

Zoezi la 2, ongeza tena, halafu soprano. Soprano watakuwa wameusikia wimbo kwa siku mbili bila kuuimba. Wataushika kwa dakika kumi.

Kila sauti ikishapata mstari, irekodi palepale kwa simu, iende kwenye kundi lake la WhatsApp. Rekodi ya besi iende kwa besi tu. Ukiweka rekodi ya wote pamoja, kijana wa tena atasikiliza kwenye bodaboda na atakachoshika ni soprano.

Umefaulu ukiona: unanyamazisha soprano katikati ya wimbo kwa mkono, na sauti tatu zinaendelea bila kutetereka.

Hujafaulu kama: watu wanaziba masikio ili waimbe. Anayeziba masikio amekariri sauti yake lakini hajui inakaa wapi kati ya wenzake. Mrudishe kwenye jozi: yeye na besi tu.

## Hatua ya 6: Weka maneno, na uyatamke kama Kiswahili

Zoezi la 3 na la 4. Kabla ya kuimba, wote wasome maneno kwa mapigo ya wimbo, bila sauti ya nota. Utasikia makosa yote hapo.

Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Tunakusalimu" ina nguvu kwenye "li". Mtunzi mzuri ameiweka "li" kwenye pigo zito. Kama wimbo umeweka pigo zito kwenye "ku", waambie waimbaji walegeze "ku" na waegemee "li", la sivyo msikilizaji atasikia maneno yaliyokatwakatwa.

Kisha zitazame m na n zinazojitegemea. "Mtoto" ni silabi tatu: m-to-to. Ile m ina nota yake, na lazima iimbwe kwenye nota hiyo, midomo imefungwa, pua ikitoa sauti. Wengi wanaikwepa: wanaimba "umtoto", au wanaichelewesha na kuibana ndani ya "to". Vivyo hivyo "nchi" ni n-chi, "nne" ni n-ne, "mtu" ni m-tu. Lakini "mbuzi" na "ndugu" ni silabi mbili tu, usizikate. Nikiwa na kwaya mpya natumia dakika tano nzima kwenye "mtu": wote wanaimba m kwenye so, wanaishikilia mapigo manne, halafu wanafungua "tu". Mara ya kwanza wanacheka. Mara ya tatu banda zima linavuma.

Irabu mbili zinazofuatana kila moja ina haki yake. "Taa" ni ta-a, "saa" ni sa-a. Ukimeza moja, wimbo unabaki na nota isiyo na mwenyewe.

Mwisho, pumzi. Usipumue kati ya "mwana" na "wa mama". Weka alama za penseli baada ya maana kukamilika, na kama mstari ni mrefu, pokezaneni: nusu ya sauti ipumue hapa, nusu pale. Anayechanganya r na l, usimtaje. Rudisha wote, kila mtu alitamke neno.

## Hatua ya 7: Pima kama mmeshuka kii

Zoezi la 5, zima kinanda. Toa nota ya kuanzia, waimbe wimbo mzima bila chochote, na mwishoni gonga Do tena. Mkishuka nusu nota kwa wimbo mzima, si mbaya kwa kwaya ya mtaa. Mkishuka nota nzima, kuna kazi.

Angalia mi na ti kwanza. Huimbwa chini kuliko zinavyotakiwa, hasa zikiwa za kushuka. Angalia nota inayorudiwa mara nyingi, kwa sababu kila ikirudiwa inazama kidogo. Waambie wafikirie kila marudio yako juu kidogo ya yaliyotangulia. Angalia uchovu: kama wamesimama dakika arobaini kwenye joto, waketi, wanywe maji, mjaribu tena. Ikishindikana, jaribu kupandisha Do nusu nota, kutoka F hadi F#. Mara nyingi kwaya inayoshuka kwenye F inasimama imara kwenye F#.

Hatua hii naisisitiza kwa sababu ya mahafali fulani tuliyoalikwa. Tulikuwa tumefanya mazoezi yote na kinanda kikubwa. Ubeti wa pili umeme ukakatika, kinanda kikanyamaza, na sauti zikaanguka moja baada ya nyingine mbele ya wazazi wa watoto. Vijana wangu walitoka pale wameinamisha vichwa, na wawili hawakurudi. Tangu hapo mazoezi mawili ya mwisho ni bila umeme, hata kama mpiga kinanda yupo.

## Hatua ya 8: Zoezi la mwisho na siku yenyewe

Zoezi la 6 lifanyike mtakapoimbia, ikiwezekana. Kama ni ukumbi wenye feni kubwa, ziwashwe wakati wa zoezi. Mlio wake unameza alto. Kama kuna maikrofoni moja, isiwe mbele ya soprano. Iweke katikati, mbali kidogo, au iache kabisa kama ukumbi ni mdogo.

Imbeni wimbo mara mbili tu. Mara moja kwa kusimamisha na kurekebisha, mara moja bila kusimama hata mkikosea. Siku yenyewe wanatakiwa wajue kuendelea.

Siku ya tukio, wapashe sauti nusu saa kabla, pembeni. Wape nota za kuanzia kwa "mmm" ya chini, kuanzia besi kwenda juu, kama walivyojifunza. Waangalie usoni kabla ya kuinua mkono. Wengine watakuwa wametoka Mbagala na Gongo la Mboto kwa daladala mbili, wamepiga pasi sare usiku, na hakuna anayewalipa. Wape muda wa kuvuta pumzi.

Kama mnaanza kualikwa nje ya mtaa, na hasa kama mnapewa pesa, sajilini kikundi BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na muwe na mweka hazina anayeandika kila shilingi mbele ya watu.

Baadaye kusanya karatasi zote, zihesabu, ziweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya faili. Masika ikija zikilowa, zinaharibika pamoja na alama zote za kupumua, na kazi inaanza upya. Wimbo unaofuata usiugawe siku hiyohiyo. Wiki ijayo, zoezi la kwanza, mwite besi.